Tope Hula Kwanza

Ustadi wa mfugaji wa samaki huonekana siku bwawa lake likiwa tupu. Maji yakishajaa, kila bwawa linapendeza.

Hapa Chepkoilel, nje kidogo ya mji wa Eldoret, mabwawa ya kufundishia yalikuwapo tangu enzi za bewa la Chuo Kikuu cha Moi, kabla ya mwaka 2013 bewa hilo lilipopata hati yake na kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret. Lakini aliyenifungua macho ni mfugaji wa jirani, mzee mwenye bwawa moja la mita za mraba 300, ukubwa uleule serikali iliouchagua mwaka 2009 ilipochimba mabwawa 200 katika kila eneo bunge lililoteuliwa. Nilimkuta asubuhi na mapema, upepo haujaamka, amefunga kitambaa puani, anamwaga chokaa huku akirudi kinyumenyume ili asiikanyage.

"Tope lina njaa," aliniambia. "Usipolilisha, litanyang'anya maji."

Niliyachukua kama maneno ya mzaha, kumbe ni kemia safi. Uwanda wa Uasin Gishu umelala juu ya fonolaiti, lava ya kale yenye sodiamu nyingi na kalsiamu haba. Udongo wake mwekundu umeoshwa na mvua kwa karne nyingi, ukabaki na asidi. Mkulima wa mahindi huligundua hilo shambani. Mfugaji hulikuta bwawani. Chokaa ukiimwaga majini moja kwa moja, tope huivuta hadi lishibe, na maji huambulia mabaki. Ndiyo maana kiasi cha chokaa hukadiriwa kwa kupima tope. Kwa udongo kama wetu, tani 2 kwa hekta si nyingi, na kwa bwawa la mzee hizo ni kilo 60 za chokaa ya kilimo, ile ya mawe yaliyosagwa kama yanayochimbwa Koru.

Ninachokistahi zaidi ni jinsi anavyoisoma saa. Tope likiwa rojorojo, hawezi kulikanyaga. Likikauka kama tofali, chokaa itakaa juu tu, kwa kuwa haifanyi kazi pasipo unyevu. Yeye husubiri nyufa za kwanza zitokee huku ndani bado mna ubaridi, kisha huimwaga sakafuni na kwenye kuta, akirudia pale palipotuama maji, halafu huivuruga kwa reki. Mbolea ya ng'ombe haikaribii kwa wiki mbili: ikikutana na chokaa iliyomwagwa karibuni, naitrojeni yake hupaa hewani.

Faida ya chokaa samaki huijua mwilini. Mayai hupata ugumu kwa kalsiamu ya majini, vifaranga huinyonya kupitia matamvua na kujengea mifupa, na matamvua yenyewe hayavujishi chumvi za mwili ovyo. Pia maji hupata uthabiti. Bila chokaa, pH huwa chini alfajiri, kisha mchana mimea midogo ya majini ikila hewa ya ukaa, pH hupanda ghafla, na samaki hushindwa kuzoea.

Wafugaji wa matumbawe kwenye matangi ya kioo hupigania jambo hilohilo kwa kiwango kingine. Wao hulinda kalsiamu ya kama miligramu 400 kwa lita, kama ya bahari, na wengine huongeza maji ya chokaa tone kwa tone usiku kucha. Mzee wetu huridhika na sehemu ndogo sana ya hiyo, ila uangalifu ni uleule. Ili kuipima, hukinga maji kwenye kichupa, hutia rangi yakawa mekundu ya zambarau, kisha hudondosha dawa ya pili akihesabu matone hadi yageuke buluu. Akiwa anahesabu, hata kusalimiwa haitikii.

Bwawa likishajaa na mbolea ikishaingia, kipimo cha mwisho ni mkono wake. Hukunja shati, huchutama ukingoni na kuzamisha kiganja polepole. Siku za kwanza alikiona wazi hadi chini, akainuka bila neno. Asubuhi moja kiganja kilipotelea kwenye ukijani, maji yakiwa yamegusa kiwiko tu. Alijifuta mkono kwenye suruali, akatoa simu, akaagiza vifaranga.