Kutoka Mto Munge hadi kitabu cha ubatizo

Ukishuka kreta ya Ngorongoro ukafika upande wa Mto Munge, utaonyeshwa magofu ya nyumba ya mlowezi wa Kijerumani, Adolf Siedentopf. Ndugu yake, Friedrich Wilhelm, alikuwa na shamba lake Lerai, upande wa kusini. Walilima na kufuga humo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Simulizi ya mwongoza watalii huishia hapo. Kazi ya mtafuta ukoo ndiyo kwanza inaanza. Wazaliwa hawa wa Ujerumani ya karne ya 19 walibatizwa kijiji gani, na wazazi wao ni akina nani?

Wengi hulikimbilia jina. Siedentopf limeungwa kwa neno la kuchemsha na neno la chungu, na linafurahisha kweli, lakini halielekezi kwenye mlango wa mtu yeyote. Friedrich Wilhelm ndiyo kabisa: lilikuwa jina la wafalme wa Prussia, na wazazi walilipenda. Kumtafuta kwa jina hilo peke yake ni sawa na kwenda Tanga kumuulizia Juma Hamisi.

Karatu kuna mtego mwingine. Wajerumani walizuiwa kurudi Tanganyika baada ya vita hadi 1925, na mashamba ya kahawa ya Oldeani na Karatu ni ya wimbi hilo la pili. Vita vya 1939 vilipoanza, wengi wao waliwekwa kizuizini na mali zao zikashikwa kama mali za adui. Kwa hiyo nyumba kuukuu ya Kijerumani juu ya mlima si ushahidi wa babu aliyekuja enzi za Kaiser. Hapa wazee wa Kimaasai husaidia kuliko watu wanavyodhani. Mzee hatakupa mwaka, atakwambia ni rika gani lilikuwa morani mzungu yule alipokuwepo. Rika hukupa kipindi cha miaka 15 hivi, na hicho kinatosha kutenganisha wimbi na wimbi.

Kisha kuna majalada. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ina mafaili ya utawala wa Kijerumani, na orodha yake ilichapishwa Marburg mwaka 1973. Ugumu ni mwandiko: katika mkono wa Kijerumani wa wakati ule, herufi e inafanana na n, na jina moja huweza kusomwa mara tatu kwa namna tatu. Isitoshe, jalada la ardhi ni bahili. Litakutajia mipaka na masharti. Mama mzazi wa mlowezi halina haja naye.

Binafsi, ningeanza na ndoa. Sheria ya 1870 iliwawezesha Wajerumani walio ng'ambo kusajili ndoa, vizazi na vifo mbele ya ofisa aliyepewa mamlaka, na nakala za rejista za makoloni zilipelekwa Berlin. Msajili wa ndoa aliuliza alikozaliwa bwana harusi na majina ya wazazi wake. Mstari huo mmoja ndio unaokuvusha bahari.

Ukishakipata kijiji, angalia mwaka wa kuzaliwa. Usajili wa serikali ulianza Ujerumani nzima tarehe 1 Januari 1876, na Prussia ilitangulia Oktoba 1874. Aliyezaliwa kabla ya hapo yumo katika kitabu cha ubatizo cha usharika au parokia, pamoja na wasimamizi wake. Usiwaruke wasimamizi hao: mara nyingi ni mashangazi na wajomba, na kwao ndiko kizazi cha juu yake kinakojitokeza.

Kama kwenu kuna picha ya zamani ya mlowezi, igeuze kabla ya kwenda Dar es Salaam. Wapiga picha wa Ujerumani walikuwa na desturi ya kuchapa jina la studio na mji nyuma ya kadi.