Deni Lilipita Mlango Gani?

Ukisimama Marangu Mtoni ukauliza kesi za watu waliofilisika zinatunzwa wapi, utaelekezwa Mahakama ya Mwanzo. Anayekuelekeza hana nia mbaya. Pale ndipo mirathi inapofunguliwa na watu wanapodaiana fedha, kwa nini kufilisika nako kusiwe huko? Lakini Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, tuliyorithi kwa Waingereza wa miaka ya 1930, iliyakabidhi mashauri ya namna hii Mahakama Kuu. Kwa hiyo inabidi uteremke hadi Himo, uendelee hadi Moshi mjini, ukabishe hodi kwenye masjala ya Mahakama Kuu.

Wamarekani nao hupotea hivyohivyo. Mtu wa kaunti ya mashambani hukimbilia mahakama ya kaunti yake, apekue asubuhi nzima, kumbe kwao kufilisika ni kazi ya mahakama za shirikisho. Majalada yamo kwenye mfumo uitwao PACER, unaotoza senti 10 kwa ukurasa. Kosa ni lilelile: kudhani kwamba karatasi ya mtu hukaa karibu na nyumba yake.

Ninayetaka kumsifu hapa ni mtu asiyefanya kosa hilo, yaani karani wa masjala aliyeiva na yule mpekuzi aliyejifunza kwake. Wakili husifiwa kwa ulimi wake, hakimu kwa hukumu yake. Huyu anayekaa katikati ya makabati, anayejua kwamba jalada la mwaka fulani liliazimwa na halikurudi, sijaona anayemtungia hata ubeti mmoja.

Tazama anavyofanya kazi. Umemfikia na jina moja tu, Lyimo. Hakukatai, ila rejista haishiki bado. Rejista ya mashauri hufuata namba na mwaka wa kufunguliwa. Haikupangwa kwa majina. Jina bila mwaka maana yake ni kupitisha kidole kwenye kurasa zote, mstari kwa mstari, na Lyimo wa Kilimanjaro hawahesabiki. Atakuuliza jina la baba, la babu, la ubatizo, na lile la Kichaga ambalo nyumbani anaitwa lakini kwenye cheti halimo. Atakuuliza pia kama alikuwa na duka, maana huenda alishtakiwa kwa jina la biashara. Kisha atajaribu tahajia. Mushi, Moshi na Mosha ni majina matatu, na mwenyeji hawezi kuyachanganya. Aliyeyaandika huenda alitoka mkoa mwingine, akaandika alichosikia. Mlay anaweza kuwa Mlai. Karani hodari huyapitia yote kabla ya kutamka kwamba hakuna.

Mwaka nao una namna yake ya kutafutwa. Ukimuuliza mzee wa Marangu biashara ya fulani ilianguka lini, atakwambia zamani. Ukimuuliza kama ilikuwa kabla au baada ya Serikali kuvunja vyama vya ushirika, hapo ana jibu, na vyama vikuu vilivunjwa 1976. Ukimuuliza kama kahawa ilikuwa imekwisha kushuka bei, anakumbuka hata aliyemwambia habari hizo; mgawo wa kimataifa wa kahawa ulisitishwa Julai 1989 na bei ikaporomoka dunia nzima. Wa juzi watakutajia 2020, wageni wa kupanda mlima walipoadimika na mahema yakabaki stoo. Ukiwa na nguzo mbili za namna hiyo zilizokaribiana, miaka arobaini ya rejista inapungua kuwa mitatu au minne. Hesabu hii haifundishwi kwenye kozi yoyote ninayoijua ya utunzaji wa kumbukumbu, na ndiyo sehemu ya ufundi huu ninayoipenda kuliko zote.

Ombi lenyewe halina maajabu. Unamwandikia barua Naibu Msajili ukieleza shauri unalolitafuta na sababu, unapewa namba ya malipo ya Serikali, unalipa ada ya upekuzi, unasubiri. Majalada ya siku nyingi yameandikwa Kiingereza, kwa sababu marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama ni ya 2021. Kama Kiingereza chako ni cha kuazima, nenda na mtu.

Jalada lisipoonekana, mpekuzi mwenye ujuzi hakati tamaa, kwa kuwa anajua shauri la kufilisika huacha nyayo sehemu kadhaa. Mdai, au mdaiwa mwenyewe, hufungua maombi. Mahakama ikiridhika hutoa amri ya kupokea mali, na mali inawekwa chini ya mpokezi rasmi wa Serikali, kazi ambayo leo iko RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ulioanzishwa 2006. Watu wengi huijua RITA kwa vyeti vya kuzaliwa tu, na huo ufilisi uliomo katikati ya jina lake wanaupita kama hawajauona. Amri hutangazwa katika Gazeti la Serikali, wadai huitwa mkutanoni, mdaiwa huhojiwa mbele ya mahakama ya wazi. Kwa hiyo hata jalada likiliwa na mchwa, tangazo la Gazeti linabaki na jina, namba na tarehe, na mabuku ya zamani ya Gazeti yanasomeka Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Siku hizi wengi huanzia TanzLII, ambako hukumu husomwa bure. Ni pazuri pa kuanzia. Ila kule huwekwa uamuzi ulioandikwa. Mdaiwa aliyeelewana na wadai wake mapema anaweza asionekane kabisa, ingawa jalada lake lipo Moshi na kamba yake.

Na ndani ya jalada mna nini? Ukurasa wa kuusoma polepole ni ule wa taarifa ya mali na madeni, ambao mdaiwa huujaza mwenyewe na kuuapia. Wadai wenye dhamana wako peke yao, wasio na dhamana wako peke yao, na mali zake zimeorodheshwa pamoja na thamani aliyozikadiria. Sheria humwachia zana za kazi yake, nguo na matandiko ya lazima. Mara nyingi mtu hukadiria mali yake juu kidogo, na sijui nani angemlaumu.

Sasa niseme jambo linalowashangaza wageni: watu wa mlimani walioingia kwenye rejista hiyo ni wachache, na hiyo haina maana kwamba hawafilisiki. Sheria ya 1930 ilimwona mtu akiwa peke yake na mali yake. Mtu wa Marangu ana kihamba, yaani shamba la ukoo, na kihamba kina babu chini ya migomba na wajukuu wasiozaliwa bado. Deni likizidi, ukoo hukaa. Ndugu wa Dar es Salaam wanachangishwa, ng'ombe anauzwa, mdai anaombwa asubiri msimu. Mengine huisha kwa benki kuuza dhamana, na hapo ushahidi wako utaukuta kwenye tangazo la mnada la dalali gazetini, wala hakuna aliyetangazwa kuwa mufilisi. Kampuni ya utalii ikianguka, inaangukia kwenye Sheria ya Kampuni ya 2002, na pa kuanzia ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Chama cha msingi cha kahawa hakifikishwi huko kabisa. Kikishindwa, Mrajis wa Vyama vya Ushirika ndiye anayekifuta na kumteua mfilisi, kwa Sheria ya 2013. Ninawajua watafiti waliokaa Mahakama Kuu wakitafuta madeni ya wakulima wa kahawa, wakati karatasi zote ziko kwenye ofisi za ushirika. Hii ni nchi ya KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa cha Kilimanjaro, kilichozaliwa 1933. Kwa miaka mingi mkopo wa mkulima wa hapa umepitia kwenye chama.

Ndiyo maana karani mzuri huanza kwa kukuuliza deni lilikuwa la nani, kwa nani, na liliwekewa dhamana gani. Anafanya kama mzee wa mfongo: maji yakikatika shambani kwako hachimbi palepale, hupanda na mfereji hadi kwenye banio aone yalikochepushwa.

Kazi hii ina adabu yake pia. Jalada la mahakama ya wazi linaweza kusomwa, lakini si la kupeleka kwenye kilabu cha mbege. Makarani niliowaheshimu walikuwa wakikukabidhi jalada bila kukutazama usoni na bila kuuliza kama huyo ni mjomba wako. Wengine, kweli, husoma kwa sauti ili jirani wa dawati asikie. Hao hawajaijua kazi, hata wawe na miaka ishirini kazini.

Na ukiambiwa jina halimo, usiondoke na jibu la mdomo. Omba barua ya Naibu Msajili inayosema ni rejista zipi zilizopekuliwa, za kutoka mwaka upi hadi upi, na kwa tahajia zipi za jina. Benki inayomchunguza mkopaji, au wanandugu wanaotaka kujua kama marehemu aliwahi kutangazwa mufilisi kabla hawajagawana mali, wanaweza kuitumia barua hiyo kama walivyotaka kulitumia jalada. Hakikisha tu imegongwa mhuri na ina tarehe, kwa sababu shauri jipya linaweza kufunguliwa kesho yake.