Ukoo Safarini: Banjo, Ilimba na Jina la Bagamoyo

Mwaka 2005 mpiga banjo wa Marekani, Béla Fleck, alizuru Uganda, Tanzania, Gambia na Mali akiutafuta ukoo wa chombo chake. Safari hiyo ilizaa filamu iliyotoka mwaka 2008 na santuri iliyotoka mwaka 2009, zote mbili zikiitwa Throw Down Your Heart, na santuri ikatunukiwa tuzo ya Grammy mwaka 2010. Vidole vya Fleck vimekwisha kusifiwa vya kutosha, nasi hatuna ugomvi navyo. Tunalotaka kulihoji ni jingine: kazi hii ni habari ya jamaa waliokutana njiani, nayo haikujua vyema la kufanya na ujamaa huo.

Tuanze na jina. Throw Down Your Heart ni tafsiri ya Bagamoyo, yaani bwaga moyo, nayo inaelemea upande wa majonzi: mateka anafika pwani, anaiona bahari, anauacha moyo wake bara. Wapo wasemao vingine. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba pembe kwa miezi kadhaa anafika mwisho wa njia, anatua mzigo, anaupumzisha moyo. Kila maana ina wenyewe, na msomaji wa visiwani, ambaye bandari yake iliwapokea mateka na pembe kwa jahazi zilezile, hana ruhusa ya kujichagulia iliyo nyepesi. Lakini banjo haikupitia Bagamoyo. Mababu zake hutafutwa Afrika ya Magharibi, miongoni mwa vinanda kama akonting ya Wajola wa Senegambia. Kwa hiyo Gambia Fleck alikuwa mjukuu arejeaye kwa babu; Tanzania alikuwa mgeni tu, na mgeni hupimwa kwa namna anavyokaa kitako katika nyumba ya watu.

Muziki alikokulia banjo yake, yaani blugrasi, ulipata jina kutokana na bendi ya Bill Monroe, Blue Grass Boys, iliyoundwa mwaka 1939. Monroe mwenyewe alianza kwa kuimba na kaka yake Charlie hadi walipoachana mwaka 1938. Nyuma yao iko familia ya Carter. Mwezi Agosti 1927 A. P. Carter, mkewe Sara, na Maybelle, binamu wa Sara aliyeolewa na mdogo wake A. P., walitoka milimani Virginia wakaenda mji wa Bristol kurekodi. Siku hizohizo, mjini humo humo, alirekodi Jimmie Rodgers, ambaye gramafoni ilimfikisha hata kwa Wakipsigi wa Kenya, na jina lake likageuka Chemirocha katika nyimbo alizozinasa Hugh Tracey mwaka 1950. Basi nyimbo za milima ile hazikusubiri mwaka 2005 kufika pande zetu. Baada ya Bristol, A. P. alizunguka kukusanya nyimbo, mara nyingi pamoja na mpiga gitaa Mweusi Lesley Riddle, na Sara akabaki na watoto. Safari ziliipatia bendi nyimbo na kuinyima nyumba baba. Walitalikiana mwaka 1936, na bado waliendelea kusimama pamoja mbele ya kipaza sauti, kwa sababu bendi ilikuwa ndiyo shamba lao.

Kwetu, familia iliyokwenda mbali zaidi kwa njia hiyo ni ya Zawose. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliitwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere katika miaka ya 1960. Akina Carter walitolewa nyumbani na kampuni ya santuri. Zawose alitolewa na Rais, kwa ajili ya taifa. Baadaye aliweka makazi Bagamoyo, akafundisha Chuo cha Sanaa, na ukoo ukamfuata huko. Katika santuri ya Chibite ya mwaka 1996 sauti yake hupanda kutoka kifuani hadi wembamba wa filimbi, huku ilimba ikizunguka chini yake bila kuchoka. Alifariki tarehe 30 Desemba 2003. Charles Zawose, mtoto wa nduguye na mwenzi wake wa jukwaani, alimfuata mwaka 2004. Kwa hiyo mwaka aliokuja Fleck, nyumba hii ilikuwa imetoka kuzika nguzo mbili.

Santuri ya 2009 ina wimbo mmoja wa kikundi cha Chibite, nao umeitwa "Zawose", basi. Huenda ni heshima kwa marehemu. Huenda pia ni uvivu wa kuuliza nani anaongoza sasa. Kinyume chake, Anania Ngoliga, mwanamuziki asiyeona, amepewa nafasi mbili, "Kabibi" na "Dunia Haina Wema", na humo ndimo Fleck anapong'ara, akisikiliza na kujibu kama mtu aliyeketi barazani. Sababu, kwa maoni yetu, ni ya kimuziki kabla ya kuwa ya adabu. Blugrasi hupeana zamu: fidla isikike, ipishe mandolini, mandolini ipishe banjo. Mtu na mtu huelewana kwa utaratibu huo. Muziki wa Kigogo haupeani zamu. Sauti huingiliana kama nyuzi za mkeka, na anayetaka kuingia hana budi kupata mahali pa kupenyeza ukindu wake bila kuusimamisha msuko. Banjo ya Fleck inapozungukwa na ukoo mzima inasubiri zamu isiyokuja. Filamu nayo imeongozwa na Sascha Paladino, nduguye Fleck wa mzazi mmoja. Ni kawaida basi kwamba kamera inamtazama kaka kwa mapenzi kuliko inavyowatazama wenyeji.

Haya nimeyapima tena Bweri, kata ya Musoma ambako mabasi ya mikoani hufikia, si mbali sana na Butiama alikozaliwa huyo aliyemwita Hukwe. Santuri ina pia mwanamuziki aitwaye Warema Masiaga Cha Cha, na mkoani Mara jina la Chacha halihitaji mkalimani. Hapa Wakurya wana litungu, kinanda cha nyuzi nane chenye sauti nzito kuliko nyatiti ya Wajaluo. Mpigaji wake huitwa arusini, naye husafiri na wale wanaojua kumwitikia: ndugu, mke, jirani aliye kama ndugu. Nauli ni ya watu wote hao. Jina litajwalo huwa moja. Asiye na basi lake mwenyewe, na hapa ni karibu wote, hupunguza waitikiaji kwanza. Hivyo ndivyo muziki wa ukoo unavyogeuka kuwa muziki wa mtu mmoja bila yeyote kuamua iwe hivyo.

Ndiyo maana santuri ya Maisha, iliyotolewa na Real World mwaka 2024, inastahili kusikilizwa sambamba na ile ya Fleck. Wenye kazi ni Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, wakijiita The Zawose Queens. Wanawake wa ukoo huu waliitikia na kucheza nyuma ya wanaume kwa miaka mingi. Sasa wamekaa mbele, na ilimba na zeze zimo mikononi mwao. Vyombo vya kielektroniki vilivyoongezwa havikupendeza kila mahali, na mara moja moja vinaziba mlango ambao sauti zilikuwa zimeufungua. Lakini zinapobaki sauti peke yake, msuko ni ule ule wa Chibite, na msikilizaji anayerudi kwenye santuri ya 1996 ataanza kuzisikia sauti za nyuma alizokuwa akizipita ili amfikie Hukwe.