Kilichobaki Kitandani

Kila mtu ameshaiandika ile sehemu ya kufunga mizigo. Chukua hadithi yoyote ya Mkenya anayeenda majuu: kuna mama anayefunga unga wa wimbi ndani ya karatasi tatu za nailoni, kuna leso, kuna majani chai, kuna Royco. Halafu uwanja wa ndege, machozi, ndege inapaa, basi. Nimezisoma sehemu kama hizi nyingi mpaka siku hizi naziruka. Si kwamba ni uongo, unga hubebwa kweli. Shida yangu ni kwamba mwandishi hutuonyesha sanduku likishafungwa, hatuonyeshi kitanda. Na stori iko pale kitandani, kwenye vitu vilivyotolewa sandukuni dakika ya mwisho vikaachwa.

Hili sikuwa nimelifikiria hadi wiki ambayo cuzo wangu alikuwa anaondoka kwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Wakati huohuo nilikuwa nasoma By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, nakala kuukuu niliyoinunua kwa jamaa wa vitabu kando ya barabara, Moi Avenue, na nilikuwa nimeahidi kuiandikia uhakiki. Huu hapa. Umechelewa, na si ule niliokuwa nimepanga.

Riwaya yenyewe ilitoka 2001, miaka 20 kabla ya Gurnah kupewa Nobel. Inaanza na mzee wa miaka 65 kutoka Zanzibar, Saleh Omar, akitua Gatwick, Uingereza, kuomba hifadhi. Ana mkoba mmoja mdogo. Afisa wa uhamiaji anayeitwa Kevin Edelman anaufungua na kuanza kutoa kitu kimoja kimoja. Ndani kuna kikasha cha mbao chenye udi wa hali ya juu, ule uitwao ud-al-qamari. Edelman anaunusa, anauliza ni kitu gani, na mwishowe anaondoka nao. Mzee hamjibu. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza.

Watu wengi wakiizungumzia riwaya hii huanzia kwenye udi na huishia hapo. Udi ni nyumbani, udi ni kumbukumbu, afisa amemnyang'anya mzee wa watu kumbukumbu yake. Mimi pia nilikuwa nimeandika hivyo kwenye daftari, tena kwa majivuno. Nilikuwa na sentensi moja tamu sana kuhusu harufu. Hata sikujiuliza mbona udi unapata sifa hizo zote ilhali hakuna anayemwandikia omena, na omena ndiye ananuka nyumbani kuliko kitu chochote.

Basi, turudi Kangemi. Tiketi ya cuzo ilimruhusu kilo 30 na begi la mkononi. Mizani tuliazima kwa jamaa wa vyuma kuukuu, ile ya ndoano. Kila tukiinua sanduku mikono inatetemeka, mshale unacheza, tunabishana kama ni 17 au 19. Lakini kilo hazikuwa tatizo. Nafasi ilikuwepo tele. Vilivyotolewa sandukuni havikutolewa kwa sababu ya uzito.

Wakala alikuwa amempa maagizo kwa mdomo. Asibebe picha za mtoto, kwa sababu mwajiri akiziona atajua huyu ni mtu wa kulia usiku. Asibebe vitabu. Na asibebe diploma. Cuzo ana diploma ya ualimu wa watoto wadogo na amefundisha miaka minne mtaani, kwa mshahara uliokuja siku ukijisikia. Wakala akamwambia kule hawatafuti mwalimu, na mfanyakazi mwenye karatasi anaonekana kama mtu wa kujibujibu. Akiulizwa, aseme aliishia darasa la nane.

Kwa hivyo kitandani palibaki bahasha ya kaki yenye diploma, picha tatu za binti yake, kitabu kimoja cha hadithi za watoto alichokuwa akisomea darasa, na nguo nzuri mbili ambazo alisema hazina kazi huko. Picha za kwenye simu tulizihifadhi mtandaoni, maana hata simu hatukuwa na hakika kama ataruhusiwa kukaa nayo.

Tulipopumzika nikamsimulia ile sehemu ya Gatwick. Kusema kweli nilitaka tu anisikie nikiongea kuhusu udi. Akanisikiliza huku anakunja sweta, kisha akasema, "Huyo mzee si mjinga. Hilo begi amelipanga."

"Amelipanga aje?"

"Amelipanga lisomwe, cuzo. Mtu akijua begi litafunguliwa, anaweka kile anataka kionekane. Wewe uliza ni nini hakuweka."

Sijui kama ninyi mmewahi kufundishwa kitabu na mtu ambaye hajakisoma. Nilipanda mat hadi Westlands, nikaunganisha nyingine hadi nyumbani Kawangware, na usiku ule nikarudi sura ya kwanza. Cuzo alikuwa sawa, na aibu ni kwamba Gurnah alikuwa amelisema wazi. Saleh Omar mwenyewe anatuambia kwamba vitu vile vilivyomwagwa mezani si maisha yake, ni vitu alivyochagua ili visimulie hadithi fulani. Nilikuwa nimelipita hilo nikikimbilia harufu.

Sasa fanya hesabu ya kile hakuweka. Kwanza, Kiingereza chake, ambacho anakijua vizuri sana. Pili, duka lake la samani. Tatu, miaka aliyofungwa gerezani baada ya mapinduzi. Nne, mkewe Salha na binti yao Ruqiya, waliofariki akiwa kifungoni. Na tano, jina. Mzee anasafiri kwa jina la Rajab Shaaban, mtu waliyegombana naye hadi nyumba ya familia ile ikaishia mikononi mwa Saleh. Yaani jina lake mwenyewe ameliacha Zanzibar, akabeba la adui.

Ukisoma hivyo, riwaya inabadilika. Si tena hadithi ya mzee aliyenyang'anywa udi. Ni hadithi ya mtu aliyeficha karibu kila kitu, halafu vile alivyoficha vikamfuata mpaka Uingereza. Waingereza wanapotafuta mkalimani wanamfikia mhadhiri mmoja wa London, Latif Mahmud, ambaye ni mwana wa yule Rajab Shaaban halisi. Anasikia mtu amefika na jina la babake. Kutoka hapo kitabu kizima ni watu wawili kwenye chumba, wakitoa kimoja kimoja vitu ambavyo havikuwa mkobani. Hakuna risasi, hakuna kukimbizana. Wanaongea tu, na mimi sikuweza kuweka kitabu chini.

Hata Edelman ana kitanda chake. Anamwambia mzee kwamba wazazi wake nao walikuja kama wakimbizi, kutoka Romania, ila wao ni Wazungu kwa hiyo ni tofauti. Mtoto wa waliofungasha amekaa mezani anafungua mikoba ya wengine. Gurnah anaipitia haraka, hasisitizi, na nadhani ndiyo maana inauma.

Lakini sitasema kitabu hakina kosa. Kosa ni Salha. Saleh anatusimulia biashara ya udi kwa kurasa na kurasa, anatusimulia meza ya mpingo, mikopo, mahakama, magomvi ya nyumba. Mke aliyemsubiri gerezani, akafa akisubiri, anapata nafasi ndogo mno. Unaweza kunijibu kwamba ni kusudi, kwamba mzee hawezi kuligusa jeraha lile. Sawa. Lakini latifu na mashairi yake ana sauti, Hussein mfanyabiashara ana sauti, mpaka meza ina historia. Nilipomaliza kitabu nilijua bei ya vitu vingi na sikujua Salha alikuwa anapenda nini. Riwaya iliyotufundisha kuuliza nini kimeachwa imemwacha mwanamke kitandani pamoja na nguo nzuri.

Ukitaka mfano wa karibu zaidi na sisi, kuna Binyavanga Wainaina, mtoto wa Nakuru. Alienda Afrika Kusini kusomea mambo ya biashara chuoni Transkei na hakumaliza. Nina sababu zangu za kumpenda. Kumbukumbu zake, One Day I Will Write About This Place, zilitoka 2011. Januari 2014 akachapisha makala fupi akaiita sura iliyopotea ya kitabu kile. Ndani yake anamwambia mamake kile hakuwahi kumwambia akiwa hai, kwamba yeye ni mwanamume anayependa wanaume. Mama alikuwa amefariki 2000, mwana akiwa bado Afrika Kusini.

Naheshimu jina hilo, lakini sura ile haikupotea. Iliachwa. Na ukiisoma kwanza halafu urudi kwenye kitabu, unaona mahali ilipotolewa. Kuna kijana anayejifungia chumbani nchi ya watu, mapazia yamefungwa, anasoma riwaya mchana na usiku. Mara ya kwanza nilidhani ni uvivu wa campus, na nilicheka kwa sababu nilikuwa naujua. Mara ya pili sikucheka. Kitabu hakikudanganya. Kilifungwa tu na mtu aliyejua nani watakifungua, na mpaka 2014 hakuwa tayari wakutane na kitu kile.

Halafu kuna wale ambao hata hawakupewa nafasi ya kuchagua. Mwaka 1982 Ngũgĩ wa Thiong'o alienda London kuzindua Devil on the Cross, tafsiri ya Kiingereza ya riwaya aliyoiandika kwa Kikuyu akiwa Kamiti. Safari ya kikazi, ya kwenda na kurudi. Akiwa huko akapata habari kwamba akirudi atakamatwa. Hakukanyaga Kenya tena hadi 2004. Fikiria sanduku la mtu anayejua atarudi. Unabeba mashati machache, unaacha taa ya mezani vile ilivyo, unaacha maneno utayasema ukifika.

Ndiyo maana nasoma kumbukumbu zake za uzeeni, kuanzia Dreams in a Time of War ya 2010, kama mtu aliyerudi chumbani kuchukua vitu. Mama anayemuuliza kama anataka kwenda shule, nguo ya shule ya kwanza, njia za Limuru. Ukitoka Kangemi na kuendelea na barabara ileile unafika Limuru kabla hata playlist haijaisha. Yeye aliifikia kwa kuandika, akiwa Marekani, ambako alifariki Mei 2025.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja kwa sisi tunaoandika stori za kuondoka, na tuko wengi, kwa sababu kila mtu mtaani ana mtu anayeondoka. Tuache kuhesabu unga. Tuulize begi limefungwa likimngoja msomaji gani: afisa, mwajiri, mama mkwe, mhariri. Kisha tuandike kuhusu kitanda. Unga wa wimbi utapatikana hata huko, kuna maduka. Diploma iliyoambiwa isionekane haina duka.

Na nikisema hivyo lazima nifungue langu. Chini ya makala zangu huwa pameandikwa "mwandishi huru, Nairobi". Ni kweli. Niliyemfungia begi hilo ni wewe. Sikuweka miaka miwili na nusu ya chuo niliyoiacha katikati, wala deni la karo, wala ukweli kwamba nyumbani bado kuna shangazi anayeuliza graduation ni lini. Ninaandika kama mtu mwenye karatasi. Cuzo ana karatasi na ameagizwa aongee kama mtu asiye nayo. Kati yetu wawili hakuna anayedanganya sana, lakini hakuna aliyebeba kila kitu.

Siku ya kuondoka tulipanda teksi, tukaingia Expressway pale James Gichuru. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuipanda. Alitazama tao kutoka juu, mapaa na mabango, akasema kumbe ni kadogo hivi. Uwanja wa ndege hatukulia. Alinipa ile bahasha ya kaki akaniambia, "Hii kaa nayo. Usiiweke mahali pa panya." Iko kwangu sasa, katikati ya By the Sea, kwa sababu ndicho kitabu kikubwa ambacho sikopeshi mtu. Ameniruhusu niandike haya kwa masharti mawili, nisitaje jina lake wala nchi aliko.

Jioni nilirudi Kangemi kumpa mwenye nyumba ufunguo. Chumba kilikuwa kitupu isipokuwa kitanda, na kitandani vitu vilevile: kitabu cha watoto, nguo mbili, picha.

Picha zilikuwa mbili. Nikainua godoro, nikatafuta chini, nikafungua kitabu cha watoto ukurasa kwa ukurasa. Zilikuwa mbili.