Kamera Nyuma ya Pazia

Mpiga picha anayefika kwenye hema la Tamasha saa nne usiku, ngoma ya dholki ikiwa imeshaanza kulia, amechelewa. Jukwaani atapata rangi, mbwembwe na makofi, vitu ambavyo kila aliyekata tiketi ameviona. Kazi yenyewe ilianza mchana, malori yalipoegeshwa uwanjani, na wale watakaokuwa wafalme usiku wakashuka kusimamisha nguzo, kufunga kamba na kuinjika sufuria.

Tamasha ni maigizo ya jadi ya Maharashtra, magharibi mwa India, yaliyoshamiri katika karne ya 18 chini ya watawala walioitwa Peshwa. Msimu hufunguliwa na sikukuu ya Dasara na kuendelea hadi joto la Mei. Wajumbe wa vijiji huenda Narayangaon, wilaya ya Pune, kukodi kikundi cha kutumbuiza kwenye sherehe ya mungu wao. Onyesho huanza kwa wimbo wa kumwomba mungu Ganesh. Hufuata utani wa mungu Krishna na wauza maziwa, nyimbo za lavani, kisha mchezo wenyewe, pengine hadi alfajiri. Kukicha, hema hukunjwa, safari ikaanza.

Ustadi wa mpiga picha hupimwa pembeni mwa hayo yote. Ndani ya hema la wanawake kuna balbu moja, na kioo kidogo kimeegemezwa kwenye sanduku la bati. Mchezaji amekwisha kujifunga sari ya yadi 9. Sasa anazungusha njuga kwenye kifundo cha mguu, safu juu ya safu, akikaza kila fundo kwa kidole gumba. Flashi ingeua kivuli na kumfanya ajiweke sawa kwa ajili ya kamera. Basi mpiga picha hufungua lenzi mpaka mwisho, hupunguza mwendo wa shata, hubana viwiko mbavuni na kungoja mikono ile itulie. Nafasi hiyo hupewa aliyekaa nao hadi wakamzoea, akajua nani hapendi kupigwa picha akila, na wakati gani ni adabu kushusha kamera.

Inasimuliwa kwamba Vithabai Narayangaonkar (1935–2002), nyota mkubwa wa sanaa hii, alitoka jukwaani akajifungua nyuma ya pazia, kisha akarudi kuendelea na onyesho. Umati ulikuwa mbele. Ushujaa ulikuwa nyuma.

Wasanii wengi wa Tamasha wanatoka katika jamii zilizodharauliwa kwa matabaka ya kuzaliwa. Usiku hushangiliwa, mchana hukwepwa. Ndiyo maana nawaheshimu wapiga picha kama Sandesh Bhandare, aliyezifuata safari za vikundi hivi na kuzikusanya kitabuni. Makofi humsifu mchezaji kwa alichowapa watazamaji. Picha iliyopigwa kwa subira humsifu kwa gharama aliyoilipa, na sifa hiyo ndiyo aliyonyimwa muda mrefu zaidi.