Gazeti huzeeka linapokosa la kumwambia msomaji

JUZI mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniambia kwa kauli ya mkataa, “Prof, magazeti ya Kiswahili yatakufa tu. Wakenya hawakipendi Kiswahili.” Nilimjibu kwa kumpeleka Mantova, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia.

Mjini humo huchapishwa Gazzetta di Mantova, lililoanza mwaka wa 1664 na ambalo husifiwa kuwa gazeti kongwe zaidi nchini Italia kati ya yale yangalipo. Hata neno letu ‘gazeti’ asili yake ni huko: inasemekana gazeta ilikuwa sarafu ndogo ya Venezia, nayo ndiyo iliyokuwa bei ya karatasi ya habari.

Nakiri kuwa ukongwe pekee haunibabaishi. Gazeti hilo lilizaliwa chini ya ukoo wa Gonzaga. Baadaye mji ukatawaliwa na Waustria, Wafaransa wa Napoleon, kisha Waustria tena hadi ulipojiunga na Italia mwaka wa 1866. Gazeti linaloishi kwa kibali cha mtawala halikosi kuicheza ngoma yake. Wanaolisifia umri husahau kuuliza lilimtumikia nani.

Kinachonigusa mimi ni lugha. Mwanaisimu Tullio De Mauro alikadiria kwamba Italia ilipoungana mwaka wa 1861, waliozungumza Kiitaliano walikuwa asilimia 2.5 tu. Nyumbani na sokoni watu wa Mantova walitumia Kimantova chao. Ina maana kuwa kwa karne mbili gazeti liliandikwa kwa lugha ambayo wengi hawakuisema jikoni. Na bado lipo! Leo msomaji hulinunua ili ajue nani amefariki, baraza la mji limeamua nini na timu ya nyumbani imefungwa mangapi.

Hebu sasa tujitazame. Kiswahili chetu kinasikika sokoni na ndani ya matatu. Kwa hivyo ati hakipendwi? Tatizo ni habari iliyotafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, ikamfikia msomaji ikiwa imepoa, ilhali mkulima wa Kitale anataka bei ya mahindi. Nasi maprofesa tunaojaza safu kwa mabishano ya istilahi hatukosi lawama.

Mwanafunzi wangu alinyamaza, kisha akauliza, “Kwani Prof, wewe hulinunua?”

Nakala niliyokuwa nayo mkononi nilikuwa nimeiazima kwa mlinzi wa lango.