Kupima Bakteria wa Chupani

Si mara moja nimeketi barazani nikamsikia mtu mwenye akili timamu na elimu ya kutosha akiisifu chupa ya probiotiki kwa kuwa tu imeandikwa bilioni 50 kwa herufi za dhahabu, na wenziwe wakaipokezana mkono kwa mkono wakistaajabu, ilhali mimi, niliyesimama miaka mingi nyuma ya meza ya duka la dawa hapa pwani, nilijua kwa kuitupia jicho tu kwamba haina thamani ya kizibo chake. Basi nimeona ni aula kuyaandika haya, na msomaji aniwie radhi ghadhabu ikijipenyeza humu.

Kwanza nasaba. Lebo inayosema Lactobacillus rhamnosus kisha ikanyamaza, imenyamaza palepale ilipopaswa kusema. Herufi GG zinazostahili kufuata ni za Gorbach na Goldin, mabingwa wawili wa Marekani waliomtafuta katika utumbo wa binadamu mwenye siha bakteria awezaye kustahimili asidi na nyongo. Na majaribio mengi mashuhuri juu ya kuhara kwa watoto wanaopewa antibiotiki, yale ambayo kila muuzaji huyataja, yalifanywa kwa huyo GG, wala si kwa binamu zake. Tangu mwaka 2020 wataalamu wamemhamishia ukoo wa Lacticaseibacillus. Anayeendelea kuandika jina la zamani simlaumu, nami mwenyewe nalipenda zaidi. Na kwa kuwa majaribio hufuata nasaba, chupa yenye aina 15 siinunui.

Lakini jambo ambalo asiye fundi hulipita kila siku liko chini ya ile hesabu, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa: hesabu hiyo ni ya siku gani? Ama ni ya siku ya kutengenezwa, ama ni ya siku ya mwisho wa matumizi, na baina ya mawili haya pana bahari. Bakteria wa kapsuli amegandishwa akakaushwa hata akalala usingizi mzito, na maadamu amelala katika ukavu na ubaridi yu salama. Ila kila chupa inapofunguliwa Tanga au Mombasa wakati wa masika, hewa iliyojaa mvuke huingia, unga huunywa unyevu ule, na yule aliyelala huzinduka nusu, asione chakula, akafa. Tena hafi mmoja mmoja: bilioni 50 huwa bilioni 5, nazo huwa milioni 500, na katika msiba wote huo unga haubadiliki rangi wala harufu, wala chupa haipungui uzito. Mtengenezaji mwenye insafu huyajua haya, kwa hiyo hutia ziada kubwa tangu mwanzo ili siku ya mwisho ahadi yake isimwaibishe. Gharama hiyo huibeba yeye, na kwenye lebo huandika tarakimu ndogo kuliko ya mlaghai. Waganga wa watoto wa Ulaya walipoagiza GG kwa mtoto anayekunywa antibiotiki, walitaka isipungue bilioni 5 kwa siku. Bilioni 10 zilizodhaminiwa hadi siku ya mwisho zinamtosha mtoto huyo na kusaza. Zile 50 za siku ya kiwandani, Mungu ndiye ajuaye zimebaki ngapi.

Mzee aliyenifundisha kazi hakuwa akiutazama uso wa boksi kamwe. Alilipindua, akavaa miwani, akautafuta mstari ule, na asipouona alilirudisha kwa wakala bila neno la kheri. Akiuona, aliichunguza pakiti yenyewe, kwani alitaka kila kapsuli iwe na chumba chake peke yake, kimefunikwa alumini juu na chini. “Mwanzo wake kila mtu anausifu,” alikuwa akisema, “nionyeshe mwisho wake.” Dukani siku zile mteja aliulizwa kwanza anaumwa nini, na karatasi ya maelezo ilisomwa, leo huulizwa analipa kwa simu au taslimu.

Nilipata kumjua pia mfanyabiashara aliyepanga maboksi yake dirishani, jua la alasiri likiyapiga, na mteja mjuzi alipouliza kama dawa huhifadhiwa baridini, kijana alitumwa nyuma kwenye jokofu, akarudi na boksi moja linalotoka jasho. Mteja aliondoka ameridhika. La dirishani ndilo lililochukua nafasi ya lile jokofuni, kumsubiri mjuzi mwingine.

Kuna na jaribio la mitaani: kupasua kapsuli ndani ya maziwa vuguvugu, kuyafunika kwa kitambaa na kuyalaza; yakiganda asubuhi, husemwa bakteria wazima. Hila hii humdhulumu muungwana na kumvika taji mhuni, kwa sababu GG hawezi kuichachusha sukari ya maziwa, ilhali Streptococcus thermophilus wa bei rahisi huyagandisha vizuri sana. Wale wa mradi wa Yoba huko Uganda walilijua hilo, wakamwoanisha ndugu wa GG na thermophilus huyo amvunjie sukari, na sasa wasindikaji wadogo wa vijijini hupata mtindi ambao ningeutanguliza mbele ya nusu ya vidonge vya mjini.

Kwa jua letu, asiye na jokofu na amtafute Bacillus clausii, ambaye hujifungia ndani ya ganda gumu asijali joto, au Saccharomyces boulardii, hamira aliyoitoa Henri Boulard, Mfaransa, huko Indochina katika miaka ya 1920, alipoona wagonjwa wa kipindupindu wakipewa maji ya maganda ya matunda. Kwa kuwa ni hamira, antibiotiki za bakteria hazimdhuru.

Na ukiambiwa kwamba chupa hutibu kila ugonjwa wa tumbo, kumbuka kuwa mwaka 2020 mabingwa wa maradhi ya tumbo wa Marekani walipima ushahidi wote wakauona mchache kwa maradhi mengi, wakabakiza mahali pachache tu, mojawapo watoto njiti. Ama vile vya kutafuna, vyenye sukari na sura za wanyama, sivijadili.